Cheti cha Unahodha

Msafiri anapopanda merikebu huweka uhai wake katika mikono ya mtu asiyemjua. Huona ngazi na kamba, huona wapagazi wakipakia shehena, naye hutafuta mahali pa kuketi pamoja na watoto wake na mizigo yake. Lakini nahodha mwenyewe pengine hamwoni tangu anapopanda hata anaposhuka. Usiku huingia, watu hulala, na huko juu katika chumba cha usukani mtu mmoja hukesha akitazama dira na giza. Je, ni nani aliyemwambia abiria kwamba mtu yule aijua njia? Ukiuliza hivyo utajibiwa kwamba yule anacho cheti.

Vijana wa shule huniuliza mara kwa mara, cheti ni kitu gani hata watu wakisumbukie namna hii, maana karatasi haiwezi kushika usukani. Swali lao ni jema, wala halifai kujibiwa kwa ukali. Nami naona njia nzuri ya kulijibu ni kueleza historia ya cheti kimoja tu, yaani hiki cha unahodha: kilianza kwa sababu gani, mtu hujifunza nini kabla hajapewa, na habari za watu watatu waliokitafuta. Mmoja alikuwa mgeni, wa pili alikuwa mwanamke, na wa tatu alikuwa mtu mweusi.

Kabla ya Cheti

Hapo kale hapakuwa na cheti. Katika pwani yetu nahodha wa jahazi alijifunza kazi yake kwa kukaa chomboni tangu utoto. Alianza kwa kuteka maji ya ngama na kuwapikia mabaharia. Kisha akajua kutweka tanga na kulitua, kushika usukani, kupima kina kwa bildi, kutambua nyota, na kuyajua majira ya kaskazi na ya kusi. Mtihani wake ulikuwa bahari yenyewe. Wenye vyombo walimjua yeye na baba yake. Walijua ni wapi alipopanda mwamba, na ni wapi alipookoa chombo katika tufani. Nao walimpa chombo au walimnyima kwa vile walivyomjua.

Kule Uingereza nako desturi ilikuwa karibu na hiyo. Mwenye merikebu alimchagua amtakaye. Mtoto wa nduguye, au mtu aliyekubali mshahara mdogo, aliweza kupewa merikebu yenye watu wengi bila kuulizwa hata swali moja. Desturi hiyo haikuonekana kuwa na madhara makubwa wakati merikebu zilipokuwa chache na watu wa bandari walipojuana. Lakini katika karne ya 19 biashara ya Waingereza ilienea duniani kote, merikebu zao zikawa maelfu, na watu wengi maskini walikuwa wakihamia Marekani na Australia kwa njia ya bahari. Sasa abiria hakumjua nahodha, wala mwenye mali iliyopakiwa hakumjua. Merikebu zilivunjika kila mwaka, na watu wakazama.

Mwaka 1836 Bunge la Uingereza liliweka kamati ichunguze sababu za kuvunjika kwa merikebu. Mwenyekiti wake alikuwa James Silk Buckingham, mtu aliyepata kusafiri sana baharini yeye mwenyewe. Kamati iliona sababu nyingi. Merikebu nyingine zilijengwa vibaya, nyingine zilikuwa kuukuu, nyingine zilipakiwa kupita kiasi, na ramani nyingine zilikuwa na makosa. Lakini kati ya sababu hizo zilikuwamo mbili zenye kutia haya: manahodha na wasaidizi wao wengi hawakuijua kazi yao, na wengi walikuwa walevi.

Hata hivyo sheria haikutungwa mara moja, maana wenye merikebu hawakupenda serikali iwaingilie katika mambo yao. Mwaka 1843 mtu mmoja wa ofisi ya mambo ya nje, jina lake James Murray, aliwaandikia wajumbe wa Uingereza waliokaa katika bandari za ng'ambo, akawauliza habari za manahodha wa Kiingereza wanaofika huko. Majibu mengi yalikuwa mabaya. Mwaka 1845 mitihani ilianzishwa, lakini kwa hiari tu: atakaye ajaribu, asiyetaka aache. Mwisho, mwaka 1850, Bunge likatunga sheria, nayo ikaanza kushika mwaka 1851, kwamba merikebu ya Kiingereza iendayo nchi za ng'ambo isiongozwe na mtu asiye na cheti.

Sheria hiyo ilitoa vyeti vya namna mbili. Wale waliokuwa manahodha tangu zamani hawakulazimishwa kufanya mtihani wakiwa na mvi kichwani. Walipewa cheti cha utumishi, chenye kushuhudia kwamba wamekwisha kuifanya kazi hiyo. Lakini vijana wote waliofuata sharti wapate cheti cha ujuzi, na hicho hakikupatikana ila kwa kutahiniwa. Tena sheria iliweka jambo jingine lililo kubwa: cheti kikitolewa chaweza kuondolewa. Nahodha akipoteza merikebu kwa uzembe au kwa ulevi, mambo yake huchunguzwa, naye akionekana ana hatia hunyang'anywa cheti kwa muda au kwa maisha. Basi karatasi ile si sifa tu. Ni ahadi ambayo mtu huulizwa habari zake.

Mambo Aliyotakiwa Kuyajua

Mtu asidhani kwamba cheti kilipatikana kwa kusoma vitabu peke yake. Kwanza walihesabu miaka ya bahari. Aliyetaka kuwa msaidizi wa pili sharti awe na umri wa miaka 17, na miaka minne awe ameikalia baharini. Msaidizi wa kwanza sharti awe na miaka 19, na mitano ya bahari. Nahodha sharti awe ametimiza miaka 21, na sita ya bahari, naye awe amekwisha kutumika katika daraja zile za chini. Hapana mtu aliyeruka ngazi. Tena alitakiwa kuleta barua za kumshuhudia kwamba ni mtu asiyelewa na mwenye mwenendo mwema.

Kisha ndipo maswali. Alitakiwa kujua hesabu, na kujua kuandika kazi ya siku, yaani kuhesabu toka adhuhuri hata adhuhuri merikebu imekwenda upande gani, kwa mwendo gani, na imesukumwa na mkondo kiasi gani, hata aweze kutia alama katika ramani na kusema, "Tupo hapa." Alitakiwa kupima jua kwa chombo cha pembe kiitwacho sekstanti. Na kwa kuwa wasomaji wengine watapenda kujua jambo hili hufanyikaje, nitalieleza kwa ufupi.

Katika siku mbili za mwaka, karibu na tarehe 21 Machi na tarehe 23 Septemba, jua hupita juu ya mstari wa ikweta. Katika siku hizo mtu aliye juu ya ikweta huliona jua la adhuhuri utosini kabisa, yaani kwa nyuzi 90 kutoka ukingo wa bahari. Mtu aliye mbali na ikweta huliona limeinama kwa kadiri ya umbali wake. Basi baharia akipima adhuhuri akaona nyuzi 83 na dakika 12, hutoa hesabu hiyo katika 90, hubaki nyuzi 6 na dakika 48. Naye hujua kwamba yuko nyuzi 6 na dakika 48 mbali na ikweta. Ikiwa jua limeelekea kaskazini kwake, yeye yuko kusini, na huo ndio mstari upitao Dar es Salaam. Katika siku nyingine za mwaka hutazama kitabu cha kalenda kimwambie jua limehama kiasi gani, kisha hujumlisha au hutoa.

Hapo amejua mahali pake kwa kaskazini na kusini, bado mashariki na magharibi. Kwa hilo hutumia saa iliyotengenezwa kwa ustadi mwingi, ionyeshayo majira ya Greenwich kule Uingereza. Dunia huzunguka nyuzi 360 katika muda wa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa kila saa, na uzi mmoja kwa dakika nne. Ikiwa jua la baharia limefika adhuhuri na saa yake ya Greenwich yaonyesha saa tatu na dakika 24 asubuhi, basi tofauti ni saa mbili na dakika 36, naye, akiisha kusahihisha kwa kalenda, hujua yuko karibu nyuzi 39 mashariki ya Greenwich. Lakini saa hiyo ikikosa dakika nne tu, baharia aliye karibu na ikweta atakosa maili 60 za baharini. Atadhani yuko katika maji marefu, kumbe mwamba u mbele yake. Ndiyo sababu watahini hawakusamehe makosa ya hesabu. Mwanafunzi akikosa katika ubao, mwalimu hufuta kwa kitambaa. Lakini kosa la nahodha halifutiki hivyo.

Alitakiwa pia kujua sheria ya njia: taa nyekundu huwa upande wa kushoto wa merikebu, na taa ya kijani upande wa kuume; na meli mbili zikikutana uso kwa uso, kila moja sharti igeukie mkono wake wa kuume. Alitakiwa kujua kufunga kamba, kupanga shehena isihame wakati wa mawimbi, na kujua jinsi chuma kilichomo melini kipotoshavyo dira.

Na yule aliyetaka unahodha wenyewe aliulizwa zaidi ya hayo. Usukani ukivunjika katikati ya bahari utatengeneza mwingine kwa vitu gani? Merikebu ikizama utaundaje chelezo cha kuwaokoa watu? Utazuiaje kiseyeye kisiwashike mabaharia? Utaandikaje katika kitabu cha merikebu mtu anapokufa au anapokosa? Maswali hayo yaonyesha kwamba nahodha hakutahiniwa habari za maji na upepo tu, alitahiniwa habari za watu waliowekwa chini yake.

Mgeni Aliyeshindwa Mara Mbili

Mwaka 1857 alizaliwa mtoto mmoja wa Kipoland, jina lake Józef Teodor Konrad Korzeniowski. Nchi yao wakati ule ilikuwa imegawanywa na kutawaliwa na wengine, na wazazi wake walihamishwa na serikali ya Urusi kwa sababu ya kuipigania. Mama yake alikufa mwaka 1865, na baba yake mwaka 1869, akawa yatima, akalelewa na mjomba wake. Hapakuwa na baharia katika jamaa yake. Lakini mwaka 1874, kabla hajatimiza miaka 17, alikwenda Marseille katika Ufaransa akaingia kazi ya bahari, na mwaka 1878 akafika Uingereza, akiijua lugha ya Kiingereza kidogo sana.

Fikirini, wasomaji, taabu ya mtu huyo. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kipoland, ya pili Kifaransa, na sasa sharti atahiniwe kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mabaharia, ambacho hata Waingereza wa bara hawakielewi vizuri. Hata hivyo mwaka 1880 alifaulu mtihani wa msaidizi wa pili. Akarudi baharini kutimiza miaka yake. Mwaka 1884 akajaribu mtihani wa msaidizi wa kwanza, akashindwa. Hakukaa sana, alirudi kwenye vitabu, akajaribu tena mwaka ule ule, akafaulu. Mwezi wa Julai 1886 akajaribu mtihani wa unahodha, akashindwa tena. Mwezi wa Agosti mwaka huo alifanywa raia wa Uingereza, na tarehe 10 Novemba 1886 akafaulu, akapata cheti cha unahodha. Mwaka 1888 akapewa merikebu ya matanga iitwayo Otago, akaipokea kule Bangkok.

Mtu huyo ndiye aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, Joseph Conrad. Mwaka 1890 alifika katika nchi ya Kongo, akapanda mto kwa meli ndogo mpaka Stanley Falls, mahali ambapo siku hizi ni mji wa Kisangani. Na wakati wa kurudi, nahodha wa meli ile alipokuwa mgonjwa, Conrad aliwekwa kuiongoza kwa siku chache. Mambo ya ukatili aliyoyaona katika nchi ile aliyaandika baadaye, na kitabu chake chasomwa hata leo.

Kuna jambo moja ambalo napenda wanafunzi walikumbuke. Conrad alipokuwa mtu mkubwa mwenye jina, aliandika kumbukumbu za maisha yake, akaeleza mitihani yake mitatu na watahini wake, lakini hakutaja kwamba alishindwa mara mbili. Habari hiyo ilibaki katika vitabu vya ofisi, na wachunguzi wakaiona baada ya kufa kwake mwaka 1924. Naona hakuwa na sababu ya kuona haya. Abiria wa merikebu angependelea nahodha yupi: yule aliyefaulu kwa bahati, ama yule aliyeambiwa, "Bado, rudi ujifunze," naye akarudi akajifunza? Mtihani uliomkataa mara mbili ndio uliomfanya astahili kuaminiwa mara ya tatu.

Mwanamke wa Mito ya Marekani

Katika nchi ya Marekani hatari kubwa ya kwanza haikuwa bahari bali mito. Meli za moshi zilipita katika mto Mississippi na mito mingine, na mara nyingi madungu yao ya kuchemshia maji yalipasuka yakaua watu. Kwa hiyo mwaka 1852 Baraza Kuu la nchi ile lilitunga sheria kwamba marubani na mafundi wa mitambo wa meli za abiria wawe na cheti, na mwaka 1871 sheria nyingine ikawaongeza manahodha na wasaidizi wao wa kwanza.

Wakati huo alikuwako mama mmoja, Mary Millicent Miller wa Louisville, aliyekaa na mumewe katika meli yao ya mtoni na kuijua kazi yote. Alipoomba cheti cha unahodha kule New Orleans, wakaguzi walisitasita, maana hapajawa na mwanamke aliyepata cheti hicho katika Marekani. Wakaandika Washington kuuliza. Waziri wa fedha, Charles Folger, ambaye wakaguzi walikuwa chini yake, alijibu kwamba ikiwa ana ujuzi unaotakiwa, basi apewe. Mwezi wa Februari 1884 akapewa. Magazeti yalicheka kidogo na kuandika sana. Lakini sheria ilikuwa imeuliza swali moja tu, nalo ni kwamba mtu huyu aijua kazi ama haijui.

Hapo twaona wema wa cheti ambao watungaji wa sheria pengine hawakuufikiri. Zamani nahodha alipewa chombo kwa sababu ni mtoto wa fulani. Cheti kilipokuja, mgeni asiye na jamaa na mwanamke asiyetazamiwa waliweza kusimama mbele ya watahini na kusema, "Niulizeni."

Nahodha Aliyengoja Miaka 24

Lakini sasa nitaeleza habari za mtu aliyeulizwa, akajibu, akapewa cheti, naye akanyimwa merikebu.

Hugh Nathaniel Mulzac alizaliwa tarehe 26 Machi 1886 katika kisiwa kidogo kiitwacho Union, kilicho katika visiwa vya St. Vincent na Grenadines, Bahari ya Karibea. Watu wengi wa visiwa hivyo ni wazao wa Waafrika waliochukuliwa utumwani, na Mulzac alikuwa mmoja wao. Alipomaliza shule aliingia katika merikebu za matanga za Kiingereza. Baadaye alikwenda Swansea, katika nchi ya Wales, akasoma katika chuo cha mabaharia na kupata cheti cha msaidizi wa nahodha. Mwaka 1911 alihamia Marekani, na mwaka 1918 akawa raia wa huko. Mwaka huo huo wa 1918, baada ya kuendelea na masomo yake New York, alifaulu mtihani wa unahodha.

Kwa sheria, basi, alistahili kuongoza meli yo yote ya Marekani. Lakini sheria ya karatasini ni kitu kimoja, na mioyo ya watu ni kitu kingine. Wenye meli walipomwona ni mtu mweusi walimwambia hapana nafasi. Mwaka 1920 alipata kazi ya msaidizi wa nahodha katika meli Yarmouth, iliyokuwa ya Black Star Line, kampuni iliyoanzishwa na Marcus Garvey ili watu weusi wawe na meli zao wenyewe. Mulzac hakukubaliana na jinsi mambo yalivyoendeshwa humo, akaiacha mwaka 1921. Akajaribu kufungua shule ya kuwafundisha wengine kazi ya bahari. Baada ya hapo, kwa muda wa karibu miaka 20, kazi aliyoweza kupata melini ilikuwa ya jikoni na ya kuhudumia meza.

Yafaa tusimame kidogo hapa. Mtu ajuaye kupima jua na nyota, mwenye cheti cha unahodha katika sanduku lake, huchukua sahani za chakula kuwapelekea wakubwa wa meli ambao pengine hawakumzidi ujuzi. Hupita karibu na chumba cha usukani wala haruhusiwi kuingia. Je, ni nani kati yetu angeweza kukaa hivyo miaka mingi, asikitupe kile cheti baharini kwa hasira? Yeye hakukitupa. Wala hakukaa kimya tu. Alijiunga na mabaharia wenziwe katika kuanzisha chama chao cha wafanyakazi, ambacho kilitaka mabaharia wa rangi zote watendewe sawa.

Vita Kuu ya Pili ilipofika, Marekani ilihitaji meli nyingi kwa haraka. Zilijengwa meli za namna moja ziitwazo Liberty, zaidi ya 2,700 kwa jumla kati ya mwaka 1941 na 1945, kila moja ikiweza kuchukua kadiri ya tani 10,000. Mojawapo ilipewa jina la Booker T. Washington, mwalimu mashuhuri aliyezaliwa mtumwa, akajenga shule ya Tuskegee. Vyama vya watu weusi na vya wafanyakazi vilidai kwamba meli hiyo iwe na nahodha mweusi. Mulzac akaitwa. Alikuwa na umri wa miaka 56.

Lakini sharti moja liliwekwa: mabaharia wake wote wawe watu weusi, wasichanganyike na weupe. Basi mtu aliyengoja miaka 24 alipewa alichokingojea, naye akakataa. Alisema hataongoza meli yenye kubagua watu. Wengine wangemwita mpumbavu, wakamwambia apokee kwanza, mengine yatakuja baadaye. Yeye aliona kwamba akikubali meli ya kutengwa, atakuwa amekubali ile ile sababu iliyomfanya atengwe. Wakubwa walipoona hageuki, walilegeza sharti lao. Tarehe 29 Septemba 1942 meli iliteremshwa majini huko California, na mwimbaji mashuhuri Marian Anderson ndiye aliyeizindua. Mulzac akapanda daraja la nahodha akiwa na mabaharia wa mataifa 18.

Kuna methali isemayo, manahodha wengi chombo huenda mrama. Watu waliodhani kwamba mabaharia wa rangi nyingi nao watakipeleka chombo mrama walijibiwa na safari zenyewe. Kwa muda wa miaka mitano meli ile ilifanya safari 22 za kwenda na kurudi, katika bahari zilizokuwa na nyambizi za adui, ikachukua askari 18,000 na mizigo isiyo na hesabu. Weusi na weupe walikula meza moja na kulala chumba kimoja, na chombo kilifika.

Ningependa kumaliza kwa kusema kwamba tangu hapo alitendewa haki daima. Haikuwa hivyo. Vita vilipokwisha na meli yake kuondolewa katika kazi, hakupata nyingine. Mwaka 1948 alishtaki mahakamani, asishinde. Kisha ukaja wakati ambapo watu wengi wa vyama vya wafanyakazi katika Marekani walishukiwa kuwa adui wa nchi, na Mulzac akanyang'anywa ruhusa ya kufanya kazi ya bahari. Mwaka 1960, alipokuwa na miaka 74, hakimu mmoja aliamuru arudishiwe hati zake. Mzee huyo hakuziweka ukutani ziwe pambo. Alikwenda kutafuta kazi, akaipata ya kulinda meli usiku zikiwa bandarini. Akafa tarehe 30 Januari 1971.

Jibu kwa Wanafunzi

Sasa naweza kuwajibu vijana wanaouliza cheti ni cha nini. Cheti ni shahidi. Hakimpi mtu akili asiyokuwa nayo, wala hakishiki usukani kwa niaba yake. Husema tu mbele ya watu wasiomjua kwamba huyu alikaa baharini miaka kadha, aliulizwa, akajibu. Conrad aliposhindwa, shahidi alikataa kumtetea mpaka alipostahili, na hilo lilikuwa jema. Mama Miller alipostahili, shahidi alisema, na wakubwa wakamsikia. Lakini shahidi wa Mulzac alisema kweli kwa miaka 24, na waliokaa barazani waliziba masikio. Kosa hapo halikuwa la shahidi.

Kwa hiyo yako mambo mawili ya kushika. Mwanafunzi ashike lake: ajifunze kwa bidii, asiibe mtihani, maana aliyepata cheti kwa hila amesimama usukanini bila kujua mwamba uko wapi, na walio chini wamelala wakimtumaini. Nasi wazazi na wakubwa tushike letu: mtu akija na shahidi wa kweli, tusitazame kwanza kabila lake, au kama ni mume au mke, au kama ni mtoto wa fulani. Kumnyima mwenye ujuzi ni kuwanyima pia abiria wake.

Siku hizi sheria ya vyeti imekuwa moja kwa karibu mataifa yote ya bahari, kwa mapatano yaliyofanywa London mwaka 1978 na kuanza kushika mwaka 1984. Vijana wetu nao wana mahali pa kusomea kazi hiyo, kama Chuo cha Bahari kilichopo Dar es Salaam. Huenda mmoja wa wasomaji wa makala hii ana mtoto apendaye kukaa ufukoni jioni na kutazama vyombo vinavyoingia. Asimfukuze upesi arudi nyumbani. Amwulize kwanza kama ajua zile nyuzi 6 na dakika 48 zimepatikanaje; na kama hajui, wakae pamoja wakafanye ile hesabu ya kutoa.